Marubani wa mizigo nao hupimwa

Dada, umeuliza kama kijana wako akirusha ndege za mizigo atapewa mafunzo ya kubabaisha, kwa kuwa hakuna abiria wa kulalamika. Hapana. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani hupimwa ustadi wake mara mbili kwa mwaka, awe amebeba watu au korosho zetu.

Shida ni anayefeli kisha akahamia kampuni nyingine. Tarehe 23 Februari 2019, Boeing 767 ya Atlas Air yenye mizigo ya Amazon ilianguka Trinity Bay, Texas. Wote 3 walikufa. Ilipokuwa inashuka, kwenye futi 6,000 hivi, mfumo wa kupaa tena uliwashwa bila kukusudia. Injini zikanguruma, rubani msaidizi akadhani ndege inakosa nguvu ya kuelea, akasukuma usukani mbele. Pua chini, mpaka majini. Wachunguzi wakakuta alishafeli majaribio kwa waajiri wa nyuma, na alificha.

Mwanao akifeli kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege) arudie hapo hapo, asihame kimya kimya. Jirani yangu hapa Shangani alifeli leseni ya lori mara tatu (tulimcheka sana). Leo ndiye ninayempa mzigo wangu wa Masasi, nikalala.