Kabla ya kuamini maoni ya mchezaji, uliza yuko siku ya ngapi

Nimeshacheza gemu nne za aina hii. Unakusanya mashujaa wenye nguvu za ajabu, huyu anaruka, yule anarusha radi, mwingine ngozi yake chuma, unawapanga watano kikosini, halafu unaweka simu chini. Wao wanaendelea kupigana. Ukiamka unakuta dhahabu na pointi za usiku mzima zimekusubiri. Nazipenda kweli, hasa ile dakika ya asubuhi ya kufungua sanduku na kumpandisha levo mtu niliyekuwa namfikiria tangu jana.

Kila nilipotaka kupakua mpya nilianza na maoni ya wachezaji, na kila mara nilitoka nimechanganyikiwa. Mmoja anaapa hajawahi kuona gemu karimu kama hii. Wa chini yake anasema ni wizi mtupu, msiiguse. Zamani nilidhani lazima mmoja wao anadanganya. Sasa naamini wote wawili wanasema kweli, ila mmoja yuko siku ya nne na mwingine siku ya sitini, na hizo ni kama gemu mbili tofauti.

Sababu iko kwenye hesabu. Chukua Cookie Clicker, ya mwaka 2013, mojawapo ya gemu zilizoutangaza mtindo huu wa mchezo unaojicheza wenyewe. Kila ukinunua jengo la kuzalisha biskuti, bei ya linalofuata inaongezeka kwa asilimia 15. Mwanzoni huoni kitu. Ukishanunua matano bei imekuwa maradufu, na ukishanunua hamsini imezidi mara elfu moja ya ile uliyoanza nayo. Gemu za mashujaa zimejengwa kwa mwelekeo huohuo: gharama ya levo inapanda kwa kuzidisha, huku mapato yako ya usiku yakijikongoja nyuma. Ndiyo maana wiki ya kwanza unapaa na zawadi zinamwagika kila ukigusa kioo, kisha unagonga ukuta.

Mimi niligonga wangu wiki ya tatu. Bosi mmoja, yaani adui mkubwa wa mwisho wa hatua, alinizuia siku tisa. Nilikasirika, nikaandika maoni ya nyota moja na kusema gemu inalazimisha watu kulipa. Lakini kosa kubwa lilikuwa langu: nilikuwa nimegawa dhahabu yangu kwa mashujaa kumi na wawili kwa sababu kila mmoja nilimpenda. Kama unaanza leo, shika hili: chagua watano mapema, mmoja wa kupokea mapigo mbele, mmoja wa kuponya, watatu wa kupiga, na wengine wote waache benchi bila kuwaonea huruma. Gemu nyingine zinakusaidia katika hilo. AFK Arena, kwa mfano, ina utaratibu ambapo mashujaa wako watano wa juu wanawabeba wengine hadi levo ya yule wa chini kabisa kati ya hao watano. Kabla hujatumia chochote, tafuta kama gemu yako ina kitu cha namna hiyo. Ukikuta kipo, hasira nyingi utakazosoma kwenye maoni hazitakuhusu.

Kundi jingine la maoni ambalo sasa nalipita bila kusoma ni la bahati. "Nimevuta mara 100 sijapata kitu!" Kuvuta ni kubahatisha shujaa mpya, kama bahati nasibu. Anasema kweli. Shujaa adimu akiwa na nafasi ya asilimia 1 kila unapovuta, basi kati ya watu 100 waliovuta mara 100 kila mmoja, takriban 37 watatoka mikono mitupu. Wengi tunadhani mivuto mia ya asilimia 1 lazima itoe shujaa mmoja, na hapo ndipo machungu yanapoanza. Wapo pia waliompata kwenye mvuto wa tatu, nao wataandika kwamba gemu ina baraka. Hakuna kati yao anayekueleza chochote kuhusu gemu yenyewe. Unachotakiwa kujua ni kama kuna kikomo, yaani idadi ya mivuto ambayo ukiifikia lazima upewe shujaa, na kama hesabu hiyo inahamishwa kwenda tukio linalofuata au inafutwa tukio la muda la kuvuta likiisha. Tangu Desemba 2017 Apple inazitaka gemu zinazouza vitu vya kubahatisha kwenye duka lake zioneshe uwezekano wa kupata kila aina kabla mtu hajanunua, kwa hiyo namba zipo. Zisome. Mara nyingi zimefichwa nyuma ya kialama kidogo cha swali.

Angalia pia wakati ambao nyota zinaombwa. Gemu mbili kati ya hizo nne ziliniomba maoni sekunde chache baada ya kunipa shujaa adimu, moyo ungali unadunda. Nilitoa nyota tano zote mbili. Hakuna iliyowahi kuniomba maoni nikiwa nimekwama.

Kwa hiyo natafuta nini siku hizi? Natafuta mtu anayetaja sura aliyofika, yaani hatua ya gemu, anayewataja mashujaa wake kwa majina na anayesema kama amelipa au hajalipa. Lalamiko la mtu aliyedumu miezi minne nalipatia uzito kuliko sifa ishirini za wageni, hasa likirudiwa na wengine waliodumu kama yeye. Na lalamiko ninaloliogopa kuliko yote ni hili: mashujaa wapya wanatoka kila mwezi na wanawafanya wa zamani kuwa takataka. Ukuta unaweza kuuvuka kwa subira, lakini hili halina subira inayolitibu. Katika gemu ya mashujaa linauma zaidi, kwa sababu hatuwachagui kwa namba pekee. Unamlea mtu wako miezi miwili, unamjua hata mlio wa pigo lake, halafu anaachwa nyuma na mgeni aliyeletwa jana.

Lilinipata. Siku ya tano nililipia kifurushi cha shujaa mmoja wa umeme. Kabla ya mwezi wa pili kwisha alikuwa benchi, na hajatoka tena. Ukitaka kulipa, na si dhambi kulipia kitu unachokifurahia, ngoja hadi siku ya 30. Ukifika huko bado unafungua gemu kwa hamu, chukua kadi ya mwezi inayotoa almasi kidogo kidogo kila siku, na vifurushi vyenye saa inayohesabu kurudi nyuma viache viishe muda wake.

Yale maoni yangu ya nyota moja niliyafuta. Niliyoandika badala yake yanaanza hivi: "Siku ya 112. Nimelipa mara moja. Sura ya 22, kikosi kimoja tangu wiki ya nne. Kikomo cha kuvuta kipo na kinahamishwa. Mashujaa wa zamani bado wanafaa, isipokuwa wawili." Nimetoa nyota tatu, na nikayataja majina ya hao wawili.