Redio imechomolewa na kioo hakijavunjwa: alamu itatosha?

Swali: Habari yako fundi. Nina Toyota Fielder, huwa naiegesha nje ya ploti hapa Section 58, Nakuru. Juzi nimeamka nikakuta redio haipo. Kioo ni kizima, dashibodi haina hata mkwaruzo, ila waya zinaning'inia tu. Nataka kununua nyingine na niweke alamu. Je, alamu itatosha?

Jibu: Pole sana ndugu. Alamu weka, lakini usianze nayo. Anza na jinsi redio inavyofungwa.

Fielder nyingi huingia nchini na redio ya Japani inayokamata FM ya 76 hadi 90 MHz, na stesheni zetu karibu zote ziko juu ya hapo, kwa hiyo mwenye gari huibadilisha mapema. Ile ya awali hushikwa na vyuma viwili, kimoja kila upande, kwa skrubu ambazo huzifikii mpaka ubandue plastiki ya dashibodi. Redio ya dukani huja na fremu ya bati. Fundi mwenye haraka huitumbukiza fremu kwenye tundu, akakunja vimeno vyake kwa bisibisi, kisha akasukuma redio mpaka ilie "ka!" Kazi imekwisha, lipa. Kuitoa kunataka vibati viwili vyembamba vya kupenyeza kando ya uso wa redio, na vibati hivyo hupatikana ndani ya boksi. Mwizi naye anavyo. Ndiyo sababu hukuona mkwaruzo.

Sasa redio mpya ifungwe kwa vile vyuma vya Toyota. Kama vilitupwa, ulizia kwa wauza spea za magari yaliyokatwa. Uso wa redio ya Toyota una upana wa milimita 200, wa dukani kama 178, kwa hiyo utabaki mwanya wa takriban sentimita moja kila upande. Huo usiwe kisingizio cha kurudi kwenye fremu. Kuna vipande vya plastiki vya kuuziba. Skrubu ziwe M5 fupi, zisizidi milimita 8, kwani ndefu huingia ndani na kugusa saketi. Redio nyingi pia zina nafasi ya boliti mgongoni: ifungwe kwa ukanda wa chuma hadi kwenye chuma cha ndani ya dashibodi. Kabla ya kulipa, shika redio na uivute kwa nguvu. Ikitikisika, mwambie fundi arudie.

Mlango je? Kioo kizima kinanifanya nishuku rimoti. Wapo wezi wenye kifaa cha kuzuia mawimbi: unabonyeza, unaondoka, na mlango haujafunga. Hapo hata alamu haiwaki, maana inategemea rimoti hiyo hiyo. Subiri taa zipepese, kisha vuta kitasa. Mlango ukifunguka, tumia ufunguo. Ukinunua alamu, hakikisha ina kihisi cha mtikisiko. Zile za bei rahisi nyingine hufunga na kufungua milango tu, kisha zinaitwa alamu.

Kama una sabufa, Fielder ina kioo kikubwa nyuma na kila mpita njia anaiona. Ifunike kwa kile kifuniko cha buti, na amplifaya uifiche chini ya kiti cha mbele. Asitoboe sakafu mtu yeyote kabla ya kuchungulia chini ya gari, kwani tangi la mafuta na mabomba ya breki hupita huko.

Redio yenye uso unaobanduka inasaidia ukiubandua na kuondoka nao. Kuuacha kwenye kisanduku cha dashibodi ni kumwekea mwizi akiba. Wale wanaochora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni wanaweza pia kukuchorea kasha la redio, na redio yenye namba ya gari la mtu ni ngumu kuuzika. Wewe pia usinunue ile ya bei ya kutupa isiyo na risiti; kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu.

Mwisho, bima. Ile ya thadi pati hailipi redio. Bima kamili kwa kawaida huwa na kikomo chake cha redio, soma karatasi zako. Watakuuliza namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa hiyo kaandikishe kituoni leo, hata kama huna matumaini ya kuiona tena.