Gusiberi kubwa na tamu, mbegu nipate wapi?

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Niko Uyole hapa Mbeya, nyuma ya nyumba nimepanda gusiberi, yale matunda ya njano yanayokaa ndani ya ganda kama karatasi. Mwaka jana niliagiza pakiti ya mbegu mtandaoni, imeandikwa ni aina kubwa kuliko zote, nikapanda nikaweka na samadi ya kutosha, sasa miche imenifika kifuani, majani mapana kweli, ila matunda ya kuhesabu na ni madogo tu. Za mama mkwe kule Tukuyu zimejiotea zenyewe kwenye migomba, ni tamu sana ila nazo ndogo. Aina nzuri ni ipi? Mama wa Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, hela ya mbegu inauma. Ila usiing'oe bado maana kosa linaweza lisiwe la mbegu peke yake. Gusiberi ukiishibisha samadi inakimbilia majani inasahau kuzaa, na hizo za mama mkwe hakuna aliyezimwagia kitu, ndo maana zinazaa.

Kuhusu aina, zipo kweli. Asili ya hili tunda ni milima ya Andes, huko Peru na jirani zake, na Colombia mpaka leo ndo wanauza sana nje. Wakulima wa huko wanatofautisha aina tatu kubwa wanaziita Colombia, Kenya na Afrika Kusini. Ya Colombia ni ndogo, tunda kama gramu 5 hivi, ila rangi kali na sukari nyingi. Ya Kenya na ya Afrika Kusini zinafika gramu 6 mpaka 10 ila utamu umepungua kidogo. Kwa hiyo ukitafuta ukubwa ujue mara nyingi unaacha utamu, mimi kwa kula nyumbani na watoto ningechukua tamu bila kufikiri mara mbili. Halafu angalia sana pakiti, kuna ndugu yake mfupi anayetambaa chini, matunda madogo, na yeye anauzwa kwa majina yanayofanana. Na mbegu ya nje ya nchi ina kibali chake, waulize TPHPA, yaani mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kuagiza.

Ila mwanangu, mimi nakwambia mbegu yako iko Tukuyu. Nenda kwa mama mkwe matunda yakiwa yameiva, usichume hovyo, tembea mche kwa mche uonje. Utashangaa, miche miwili imeota hatua tatu tu kutoka mmoja hadi mwingine, huu tunda lake chachu hadi unafumba jicho, ule asali. Ule mtamu wenye matunda makubwa kuliko wenzake, na matunda yake hayapasuki mvua ikizidi, ufunge kitambaa chekundu. Subiri ganda likauke liwe rangi ya majani makavu na tunda lidondoke lenyewe, ndo mbegu imekomaa. Likamue kwenye kikombe cha maji, lilaze siku moja au mbili mpaka ule utelezi uachie, osha, anika kivulini juu ya karatasi. Tunda moja lina mbegu zaidi ya 100, matunda matatu yanakutosha kabisa.

Nyuki wanachanganya chavua, kwa hiyo watoto wote hawatafanana na mama, panda miche 10 au 15, bakiza mizuri, mwaka unaofuata chagua tena. Na ule bora kabisa kata vipandikizi, tawi likishika mizizi litakuwa ni mche uleule, na linawahi kuzaa kuliko wa mbegu.

Panda mita moja kutoka mche hadi mche, na sio pale ulipovuna viazi, maana ni ukoo mmoja na magonjwa wanaambukizana. Barafu ya Juni na Julai inaiua, ipande karibu na ukuta.

SWALI: Bibi shamba, majani ya gusiberi si yanafanana na mnafu, tunaweza kupika mboga? Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana, msipike. Majani yana sumu, na tunda bichi la kijani pia wazuie watoto wasilile. Ni lile la njano lililoiva tu.