Maswali ya Madereva: "Nimepigwa Tochi, Nibishe?"

SWALI: Naendesha Noah kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Nilisimamishwa na trafiki akasema mwenzake aliye nyuma amenipiga tochi (kile kifaa cha kupima mwendo), 57 kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa. Akanionyesha picha kwenye simu. Mshale wangu wa mwendo kwenye dashibodi ulikuwa kwenye 50 kamili, nina hakika. Nimelipa 30,000 ili niwahi abiria. Je, nilikuwa na haki ya kubisha?
Dereva, Chalinze

JIBU: Haki ulikuwa nayo, ila uliiachia ulipolipa. Faini ya papo kwa papo ni ya dereva anayekubali kosa. Asiyekubali amwambie askari hapohapo, kwa utulivu, kwamba anataka shauri liende mahakamani. Tunajua gharama yake: siku za kazi na nauli vinaweza kuzidi hiyo 30,000, ndiyo maana wengi hulipa huku roho inauma. Hatuwalaumu. Lakini kabla hujaamua, isome picha vizuri.

Angalia namba ya gari inasomeka, mwendo umeandikwa, tarehe na saa zipo, na umbali wa gari kutoka kwenye tochi. Kisha tazama alama ya shabaha imekaa kwenye gari gani. Tochi ya leza hutoa mwale unaotanuka kadiri unavyokwenda mbali: kwenye mita 300 unafikia upana wa mita moja hivi. Kama kulikuwa na gari linakupita, au uko nyuma ya basi, uliza mwendo huo ni wa nani. Picha ambayo namba haisomeki si ya kuikubali. Linganisha pia saa ya picha na mahali ulipokuwa saa hiyo.

Kuna hoja moja tunaomba muiache. Wengi husema tochi iliyopigwa kutoka pembeni inazidisha mwendo. Ni kinyume chake: pembe hupunguza namba inayosomwa, kwa hiyo inakupendelea wewe.

Sasa turudi kwenye mshale wako. Kiwandani mshale hupangwa usome sawa na mwendo halisi au uzidi kidogo, usipungue. Lakini umebadilisha matairi? Tairi la saizi 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 635 hivi. 205/70R15 ni 668. Hilo ni ongezeko la asilimia 5, kwa hiyo mshale uliokuwa sahihi ukionyesha 50, gari linakwenda karibu 53. Haifiki 57, ila inakula ile nafasi uliyodhani unayo. Pima kwa programu ya GPS kwenye simu, barabara iliyonyooka, mwendo usiobadilika kwa dakika nzima, na simu ishikwe na abiria, siyo wewe.

La mwisho ni kibao. Eneo la 50 linaanzia kwenye kibao. Kama kimeanguka au kimefunikwa na matawi, egesha mahali salama, kipige picha pamoja na jiwe la kilomita lililo karibu. Maneno matupu kwamba "hakukuwa na kibao" hayatakusaidia mbele ya hakimu.

SWALI: Nataka kununua gari la mkononi. Nitajuaje halina madeni ya trafiki?
Mnunuzi, Dodoma

JIBU: Usitoe hata malipo ya awali kabla hujaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa kuangalia faini, unaopatikana kwa intaneti. Unaweza kutafuta kwa namba ya gari, ya leseni, au ya kumbukumbu ya faini. Faini ya 30,000 isiyolipwa ndani ya siku 7 huongezwa asilimia 25, inakuwa 37,500, na makosa manne yaliyosahaulika yanakuwa 150,000. Muuzaji alipe yote kwanza, wewe uhakiki tena siku ya kukabidhiana, maana huenda ameandikiwa kosa jingine katikati. Ukishindwa hilo, ni wewe utakayesimamishwa njiani kwa deni la mtu mwingine.

SWALI: Bodaboda naye analipa 30,000?
Dereva wa boda, Tanga

JIBU: Hapana. Tangu mwaka wa fedha ulioanza Julai 2021, pikipiki na bajaji ni 10,000 kwa kosa. Soma kiasi kwenye karatasi kabla askari hajaondoka.

SWALI: Nikiambiwa "toa 10,000 tuyamalize", nami nina haraka?
Dereva wa daladala, Mwanza

JIBU: Usitoe. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Tena pesa ya mkononi haifuti chochote: kama kosa lilishaingizwa kwenye mashine, deni linabaki na baada ya wiki linapanda. Mwambie, "Afande, naomba uniandikie." Ukishapewa karatasi, hakiki jina, namba ya gari na kosa, kisha lipa kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu, na utunze ujumbe wa malipo. Akikataa kukuandikia na bado anakushikilia, kumbuka mahali, saa na namba iliyo kwenye sare yake, upeleke kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa wilaya au mkoa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.