Jirani Mmormoni kakualika? Nenda

Dada wa Jinja, unauliza kama mlokole anaweza kukubali mwaliko wa jirani Mmormoni (muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) Jumatatu jioni. Nenda tu. Huo kwao ni wakati wa familia kukaa pamoja, kwa hiyo amekuheshimu. Naye akija kwako usimwandalie chai ya majani wala kahawa, ni mwiko kwao. Uji wa ulezi unatosha (mimi niliwahi kurudisha birika zima jikoni kwa aibu!).

Mkifika kwenye imani, usianze na ndoa za wake wengi. Kanisa lao lilitangaza kuziacha mwaka 1890. Muulize Yesu ni nani kwake, na Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa 1830, kinaongeza nini juu ya Biblia. Hapo ndipo imani zenu zinapotofautiana kweli. Mwache amalize kujibu.