Ujue Mshono Kabla ya Kuweka Probu: Ushauri kwa Wakaguzi wa Matangi ya Mafuta

Katika kazi yangu ya kukagua matangi ya mafuta kwa mawimbi ya altrasoniki (sauti kali isiyosikika na sikio), nimeona kwamba ripoti nyingi dhaifu huharibika kabla probu, yaani kichwa cha kifaa kinachotuma na kupokea sauti hiyo, haijagusa chuma, kwa sababu mkaguzi huanza kazi bila kuujua mshono wenyewe, yaani pale mabamba yalipounganishwa kwa kulehemu. Kifaa huonyesha umbali wa mwangwi na nguvu yake tu. Kuamua kama ni ufa, slagi (taka ya kulehemu) iliyonaswa, au umbo la kawaida la mzizi wa mshono, yaani sehemu yake ya chini kabisa, ni jukumu lako. Kwa hiyo omba kwanza mchoro wa maungio, unene wa mabamba, njia ya kulehemu iliyotumika na kumbukumbu za marekebisho.

Mchoro ndio unaokuchagulia probu. Ikiwa mabamba yalichongwa kingo kwa nyuzi 30 kila upande, wimbi la nyuzi 60 (kutoka mstari wa wima) likishagonga uso wa chini na kupanda tena hukutana na ukingo uliochongwa kwa pembe mraba, na hapo ndipo chuma cha kulehemu kinapoweza kushindwa kushikana na bamba. Kasoro hiyo ni bapa na nyembamba, na picha ya eksirei huweza kuikosa kwa urahisi. Kwenye bamba la milimita 12, wimbi hilo hushuka na kurudi juu katika umbali wa takriban milimita 42, hivyo kutu, rangi iliyobanduka na matone ya kulehemu viondolewe kupita kipimo hicho pande zote mbili. Mafundi hununa wakiambiwa warudi na grainda, waache wanune.

Eneo hilo hilo lipitiwe kwanza kwa probu ya wima, inayotuma sauti moja kwa moja chini, kwa kuwa bamba lenye tabaka zilizoachana ndani hulipotosha wimbi la mshazari. Bamba lenyewe pia huweza kuwa chanzo cha maafa: tarehe 2 Januari 1988, huko Floreffe, Pennsylvania, tangi la dizeli lililojengwa upya kwa mabamba yaliyokwishatumika lilipasuka, na ufa ulianzia kwenye kasoro ndogo ndani ya bamba, karibu na mshono.

Kwa sisi tunaofanya kazi katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, jua ni adui wa vipimo. Plastiki ya probu ikipata joto, kasi ya sauti ndani yake hupungua na pembe ya wimbi ndani ya chuma huongezeka, hata kasoro ikaonekana mahali isipokuwapo. Mimi huacha kipande cha kalibresheni, yaani chuma chenye vipimo vinavyojulikana cha kurekebishia kifaa, juani pamoja na tangi, hukagua upande wa magharibi asubuhi, na hurudia kalibresheni kila baada ya mapumziko.

Muda ukiwa mfupi, anza na mishono ya wima ya safu za chini, ambayo hubeba mvutano mkubwa wa mafuta yanayosukuma kuta, hasa inapokutana na mshono wa mlalo. Kwa mishono ya sakafu iliyopandana, altrasoniki si chombo chake. Tumia boksi la vakyumu (linalonyonya hewa juu ya mshono) na maji ya sabuni, ambayo hutoa mapovu penye tundu.

Sehemu usiyoifikia, iwe imezibwa na ngazi au bomba, iandikwe katika ripoti kwa kipimo chake kutoka alama ya sifuri, yaani pale unapoanzia kupima, pamoja na sababu. Msimamizi akikuomba uiondoe, mwombe akupe agizo hilo kwa maandishi.