Muulize Fundi: Mikono inakufa ganzi njia ya Newala

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi bodaboda wa Chikongola hapa Mtwara mjini, nikisema nasikia baridi washkaji kijiweni wanacheka eti Mtwara na baridi wapi na wapi. Ila toka mwezi wa sita nimepata tenda ya kupeleka samaki Newala, naondoka saa tisa usiku ili sokoni wanikute. Nikishapita Nanyamba shida inaanza, nikifika Tandahimba vidole vimekufa ganzi hata klachi siisikii. Nimenunua jaketi la mtumba lile nene la sponji lakini wapi, baridi linapita tu. Nifanyeje? Na ni kweli kapegi kadogo kanasaidia?

JIBU: Marhaba mdogo wangu. Hao wanaokucheka waambie wapande Newala alfajiri mwezi wa saba afu warudi tuongee. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kule na Mikindani ya huku pwani huwezi kuziweka kundi moja, bado hujaweka ukungu na kusi linalovuma miezi hiyo.

Lakini kinachokumaliza wewe sio hizo nyuzi tatu nne, ni upepo wa spidi yako mwenyewe. Chukua mfano wa sehemu yenye nyuzi 10 (hiyo ni baridi ya Njombe, ya kwako haifiki huko), ukikimbia kilomita 80 kwa saa ngozi iliyo wazi inapata baridi kama ya nyuzi 4. Ndo maana ukisimama kunywa chai unaona mbona kawaida tu, ukipanda pikipiki unaanza kutetemeka upya.

Sasa hilo jaketi lako. Sponji inatunza joto kwa sababu ya hewa iliyojikusanya ndani yake, upepo ukipenya unaisukuma ile hewa yote nje na wewe unabaki umevaa uzito tu. Jaribu hivi, weka kitambaa chake mdomoni upulize kwa nguvu huku mkono uko upande wa pili, ukisikia pumzi yako ujue na upepo unapita. Usinunue jaketi lingine, vaa koti la mvua la nailoni JUU ya hilo la sponji, funga zipu mpaka shingoni na mikono ya koti ibane. Huna koti la mvua, panga magazeti kifuani katikati ya sweta na jaketi, ni ujanja wa zamani sana na unafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ila nakuomba usikate mfuko mtupu wa salfa ukauvaa kifuani, najua huko imejaa kila kona msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi lake likikutana na jasho linawasha ngozi na macho, utasahau hata hiyo baridi.

Kuhusu vidole, watu wengi wanakimbilia glavu kwanza wakati tatizo linaanzia kifuani. Mwili ukiona kifua na tumbo vinapoa unapunguza damu ya kwenda mikononi na miguuni ili ulinde moyo na viungo vya ndani, kwa hiyo ukiziba kifua na shingo vizuri nusu ya kazi ya vidole umeshaimaliza. Afu ndo glavu, na zisikubane, zikibana damu haipiti. Glavu za sweta peke yake hazizuii upepo, vaa juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Kingine kata dumu la lita 5 ulifunge mbele ya usukani likinge mikono, ila kabla hujaondoka zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uhakikishe haligusi breki wala klachi.

Na hili hujalisema ila nalihisi, we unapakia samaki na barafu, unaloa na unatoka jasho, afu unaondoka na fulana ile ile mbichi. Ikianza kukauka njiani inakauka kwa joto la mwili wako. Ukimaliza kupakia badilisha fulana, vaa kavu, ndo uwashe chombo.

Kapegi hapana. Pombe inatanua mishipa ya kwenye ngozi, unajisikia moto kumbe joto ndo linatoka, na hapo sijagusia trafiki wala kona za kupanda uwanda. Kunywa uji wa moto Tandahimba, kula, tembea tembea kidogo. Mikono usiipashe kwenye ekzosi, ikiwa na ganzi utaungua bila kujua. Ukiona unatetemeka huwezi kujizuia, kifungo hukishiki na maneno yanakuwa mazito, simama hapo hapo tafuta nyumba yenye watu, na kama mtu alikuwa anatetemeka akaacha lakini bado wa baridi na anasinzia huyo apelekwe hospitali haraka, asiachwe alale.

SWALI: Fundi, niko Mingoyo Lindi, nataka kwenda harusini Njombe na pikipiki mwezi wa saba. Nivae nini?

JIBU: Dada/kaka, ningekuwa mimi ningepanda basi. Njombe ipo karibu mita 2000 juu. Kama umeshaamua, usivae yote toka Mingoyo maana Masasi na Tunduru utatoka jasho bure, beba kwenye begi, ukifika Songea vaa kabla hujaanza kusikia baridi, suruali mbili na magoti uyazibe. Toka Songea kwenda Njombe endesha jua likiwa juu, usiku usijaribu.

SWALI: Kioo cha helmeti kinajaa ukungu nikikifunga, nikikifungua machozi yananitoka.

JIBU: Paka sabuni ya kipande kavu kwa ndani, futa na kitambaa laini mpaka kiwe safi, rudia kila baada ya siku chache. Skafu ikae chini ya pua ili pumzi ishuke, na ncha zake zichomeke ndani ya jaketi, zikipeperuka zinaweza kunaswa na cheni. Kioo acha upenyo mdogo tu kwa chini.